Wawili na Baisikeli Zao Mpaka Mombasa

Jumamosi moja jioni, kahawa ilipokwisha kupimwa kiwandani na vitabu kufungwa, karani wa chama cha ushirika katika vilima vya Machakos alimwambia rafiki yake mkulima ya kuwa likizo yake ya mwaka huu hataimaliza kwa kukaa nyumbani akihesabu mabati ya paa. Atakwenda Mombasa kwa baisikeli. Mkulima alicheka sana, akauliza kama mabasi yamegoma. Lakini alipokwisha kucheka aliuliza swali la pili, na hilo ndilo lililoanzisha safari: "Na utakwenda na nani?"

Wawili hawa ni mfano tu, lakini watu wa namna yao wapo katika kila kaunti ya Kenya. Wana baisikeli, wana nguvu, wana siku chache za nafasi, na hawana fedha za kulipa kampuni ya utalii iwapangie mambo. Safari ya namna hiyo haina gari linalofuata nyuma likiwa limepakia maji na vipuri, wala hapana kiongozi anayejua mahali pa kulala. Kila jambo ambalo kampuni ingalilifanya, hapana budi walifanye wenyewe, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mezani, kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja.

Kesho yake karani alifika kwa rafiki yake na karatasi mkononi. Kutoka Machakos kushuka mpaka barabara kuu, na kuifuata kupitia Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na Mariakani mpaka Mombasa, ni kama kilometa 450. Alizigawanya kwa siku 5, akapata kilometa 90 kwa siku. Tena, alisema, Machakos iko juu kiasi cha meta 1,600 na Mombasa iko baharini, kwa hiyo njia yote ni mteremko. Hesabu hiyo ilikuwa safi kama vitabu vya chama, na ilikuwa na kosa karibu katika kila mstari.

Kosa la kwanza lilikuwa katika mteremko wenyewe. Meta 1,600 zikigawanywa kwa kilometa 450 ni meta 3 na nusu tu kwa kila kilometa, kiasi ambacho mguu hauusikii ila kwa shida. Tena barabara haishuki kama maji ya mfereji. Hushuka ikapanda, hasa katika vilima vya Salama, na mtu mwenye mzigo huusahau mteremko upesi sana anapoanza kupanda.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo halionekani katika ramani. Tangu Aprili hivi mpaka Septemba pwani yetu huvumiwa na kusi, upepo utokao kusini-mashariki. Mombasa nayo iko kusini-mashariki ya Machakos. Basi mwendesha baisikeli anayeshuka pwani katika miezi hiyo huupokea upepo usoni, na kadiri anavyoikaribia bahari ndivyo nyika inavyokuwa wazi na upepo unavyopata nafasi. Kaskazi, uvumao tangu Desemba hata Machi, humpiga begani upande wa kushoto, nao ni afadhali. Lakini Januari na Februari ni miezi ya jua kali katika nchi ya Voi, na lami hurudisha joto juu kama bati. Manahodha wa majahazi walipanga mwaka wao wote kwa kuzifuata pepo hizi mbili. Mtu wa baisikeli hana tanga la kumsaidia, kwa hiyo ana sababu zaidi ya kuzijua.

Karani alikuwa tayari kusogeza safari mpaka Januari. Mkulima ndiye aliyekataa. Vuli ya Oktoba mpaka Desemba ndiyo mvua inayotegemewa zaidi Ukambani kwa mahindi na kunde, na shamba hapana budi liwe tayari Septemba. Baada ya kupanda kuna palizi, na baada ya palizi kuna kahawa ya mwisho wa mwaka, na baada ya kahawa kuna karo za watoto. Walihesabu miezi yote kumi na miwili kwa vidole, na uliobaki ulikuwa mmoja, Agosti, katikati ya kusi. Hakuna aliyefurahi. Lakini sasa walijua jambo ambalo juzi hawakulijua, nalo likaingizwa katika hesabu: siku za nusu ya pili ya safari zitakuwa fupi kuliko za mwanzo, na mwendo utaanza kunapopambazuka, kwa sababu upepo aghalabu ni mdogo asubuhi kuliko mchana.

Ndipo wakaja kwenye jambo la malori.

Barabara ya Mombasa ndiyo inayopitisha shehena ya bandari kwenda Nairobi, na kutoka huko kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka wa 2017 na shehena mwaka uliofuata, imepunguza kitu, lakini malori hayajaisha wala hayaelekei kuisha. Yanapita mchana na usiku, na mengi yao dereva yuko mbali na kwao na ana haraka.

"Bwana Karani," mkulima alisema, "lori likikutana na lori, na mimi niko hapo, mimi niko wapi?"

"Uko pembeni."

"Pembeni ni wapi? Ni lami, au ni shimo?"

Karani hakuwa na jibu. Kila aliyepita njia hiyo anajua ya kuwa mahali pengine ukingo wa lami umekatika, na chini yake ni changarawe iliyo chini kwa kimo cha kiganja. Gurudumu la baisikeli likiteleza hapo kwa ghafula, mtu huanguka, na aghalabu haangukii upande wa kichakani. Kanuni ni nyepesi kusema: kufuatana mmoja nyuma ya mwingine na kamwe wasiende sambamba, kuvaa kizibao cha kung'aa, kufunga kioo kidogo upande wa kulia wa usukani, kwa kuwa Kenya magari hupita kulia kwa mwendesha baisikeli, na malori mawili yanapokutana, kutoka barabarani kabisa na kusimama, bila kungoja kuona kama nafasi itatosha. Kutofunga safari usiku hakuhitaji hata kuelezwa. Lakini kanuni hizi zote mtu azishike kwa siku 5 mfululizo, akiwa amechoka, na lori la mia mbili ni sawa na la kwanza kwa uzito. Mkulima alisema wazi ya kuwa anaogopa, na kusema hivyo kulikuwa ndiyo kazi bora iliyofanywa mezani siku ile.

Dereva mmoja anayeleta mbolea kwenye chama ndiye aliyewaonyesha njia ya pili. Unapofika Emali, aliwaambia, unaiacha barabara kuu na kushika ya Oloitokitok, upitie Kimana, ushuke mpaka Taveta chini ya Kilimanjaro, kisha uelekee mashariki kwa Maktau, Bura na Mwatate mpaka Voi. Ni lami. Malori yapo, lakini ni machache mno ukilinganisha na ya barabara kuu. Ubaya wake ni kwamba inazunguka, na Oloitokitok iko juu, kwa hiyo mtu hupanda tena kimo kile alichokwisha kushuka. Mazuri yake ni kwamba asubuhi, mawingu yanapokuwa bado hayajakusanyika, mlima wenye meta 5,895 husimama mbele ya msafiri akiwa juu ya baisikeli yake, na hakuna anayetoza ada ya kuutazama.

Isidhaniwe ya kuwa njia hii inawaepuka wanyama. Wanyama wako njia zote mbili. Kati ya Mtito Andei na Voi barabara kuu ina mbuga ya Tsavo mkono wa kulia na mkono wa kushoto, tangu mbuga hiyo ilipotengwa mwaka wa 1948. Na kati ya Taveta na Maktau barabara hupita ndani ya Tsavo Magharibi. Tembo hawasomi vibao. Sehemu hiyo yataka ianzwe jua likiwa limekwisha kutoka na imalizwe mapema, bila kupumzika vichakani, na tembo akiwa karibu na njia, msafiri husimama mbali na kungoja gari lipite kwanza. Huwaulizi watu wa Nairobi khabari za tembo wa wiki hii. Unawauliza madereva wa matatu wa Taveta jioni ile ile unayolala hapo, nao wanajua. Maji nayo ni ya kubeba, si ya kutumainia, na lita 5 kwa kila mtu si nyingi. Nchi hiyo ya kiu imekwisha kuonja watu wengi. Karibu na Taveta kiko kilima cha Salaita, ambapo Februari 1916 majeshi ya Waingereza yalirudishwa nyuma na ya Wajerumani, na katika vita vile vyote vya Afrika Mashariki maelfu kwa maelfu ya wapagazi Waafrika walikufa, wengi wao kwa maradhi, uchovu na njaa kuliko kwa risasi.

Waliamua kwa njia ya Taveta. Karani alisikitika kidogo kwa ajili ya Makindu, ambako hekalu la Masikh huwalisha wasafiri wa kila dini bila malipo, maadamu mgeni avue viatu, afunike kichwa na asiingie na tumbaku wala pombe. Alikuwa amekwisha kuitia chakula hicho katika hesabu ya fedha.

Hesabu ya fedha ilileta ugomvi wao wa kwanza. Karani alitaka kila mtu alipe chake, kwa kuwa ndivyo vitabu vinavyokwenda. Mkulima aliona ya kuwa watu wawili wanaokula sahani moja na kulala chumba kimoja hawawezi kugawanya kikombe cha chai, na kwamba mwenye mshahara ataagiza nyama huku mwenye shamba akiagiza maharage, na jioni hawatazungumza. Wakapatana juu ya mfuko mmoja. Kila mtu atatia kiasi sawa kabla ya kuondoka. Mkulima atashika fedha katika simu yake, karani atashika daftari, na kila jioni daftari na simu zitasemezana. Kiasi chenyewe kilipimwa kwa uwezo wa mkulima, si wa karani. Fedha za dharura, yaani nauli ya basi ya watu wawili na mizigo yao kutoka mahali po pote njiani mpaka nyumbani, zilitengwa mbali na haziruhusiwi kununua hata soda.

Swali la nani ataamua kurudi lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa marafiki huona haya kulitaja. Mwaka wa 1923 vijana sita wa Kiparsi waliondoka Bombay kuizunguka dunia kwa baisikeli; mwaka wa 1928 waliorudi wakiwa wamemaliza safari walikuwa watatu. Hapana aibu katika hesabu hiyo. Watu sita wenye nia moja asubuhi ya kuondoka hawawi na nia moja baada ya jangwa. Linaloharibu urafiki si mmoja kuacha njia, bali ni kule kutopatana mbele ya safari jinsi ya kuacha. Wawili hawa waliandika chini: ye yote akisema basi kwa sababu ya ugonjwa, au kwa sababu ya khofu, basi ni basi, na mwenzake hatamshawishi kabla ya kulala usiku mmoja. Asubuhi akisema tena, wanapanda gari wote wawili. Karani aliuliza kama mwenye nguvu asingeweza kuendelea peke yake. Mkulima alimtazama. "Kama ungetaka kwenda peke yako," alisema, "ungekwenda siku ile nilipocheka." Sentensi hiyo haikuandikwa, lakini ilibaki.

Mpaka hapo wote wawili walidhani ya kuwa atakayechoka ni mkulima. Karani alikuwa na baisikeli nyepesi yenye gia, aliyoinunua Nairobi ikiwa imetumika. Mkulima alikuwa na ile nyeusi, kubwa, isiyo na gia, ambayo kila siku hupeleka maziwa barabarani na kurudi na gunia la chakula cha ng'ombe. Karani alikuwa hata amependekeza mizigo mikubwa ifungwe kwenye keria ya baisikeli nyeusi, kwa kuwa ni imara. "Chuma ni imara," mkulima alijibu, "lakini miguu ni hii hii miwili, kama yako." Wakakubaliana kuijaribu safari kwa siku mbili: Jumamosi kwenda Wote, Jumapili kurudi, na mizigo yote juu, kama vile ni safari kamili.

Yaliyotokea katika siku hizo mbili yalikuwa na faida kuliko karatasi zote. Mkulima alikwenda mbele tangu asubuhi, polepole, kwa mwendo usiobadilika, akishuka na kuisukuma baisikeli kwenye vilima pasipo kuona haya. Karani alivipanda vilima kwa gia yake, akipita mbele kwa fahari na kuachwa tena kwenye tambarare. Baada ya saa sita mchana alinyamaza. Mkulima alisimama chini ya mwembe, akamngoja.

"Tangu saa nne hujanikosoa hata mara moja," alisema. "Unaumwa wapi?"

Alikuwa anaumwa magoti yote mawili, na kichwa, na alikuwa ameficha kwa muda wa saa mbili. Magoti yalikuwa na sababu iliyo wazi kwa fundi ye yote wa baisikeli: kiti chake kilikuwa chini mno. Mtu akikaa juu ya kiti na kuweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu yapasa uwe karibu kunyooka. Kiti cha karani kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya kwenda ofisini, ambako mtu hupenda kufikia ardhi kwa nyayo zote mbili. Spana moja na dakika tano zilitosha. Kichwa kilikuwa cha jua na jasho. Mke wa mkulima alikuwa amewafungia katika karatasi dawa ile ifundishwayo kliniki kwa watoto wanaoharisha: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vilivyosawazishwa, kwa lita 1 ya maji safi. Karani alikuwa ameicheka asubuhi. Aliinywa yote, akaomba nyingine.

Miiba ilifanya kazi yake pia. Tairi la mkulima lilitoboka mara mbili, la karani mara moja, na hapo ndipo ilipojulikana ya kuwa pampu waliyoibeba, ambayo ilikuwa moja ili kupunguza uzito, haikuingia katika mdomo wa tyubu za karani. Zilikuwa za namna mbili mbalimbali. Vilevile magurudumu yao hayakuwa na kimo kimoja, kwa hiyo tyubu ya akiba ya mmoja haikumfaa mwenzake. Kasoro hiyo ndogo, kama ingaligunduliwa kati ya Taveta na Maktau na jua likielekea kutua, isingalikuwa ndogo. Orodha ilibadilika: pampu inayokubali midomo yote miwili, tyubu mbili za kila kimo, viraka na gundi, spoki chache za kila gurudumu zilizofungwa kwa utepe kwenye fremu, kipande cha mnyororo, nyaya za breki, na kipande cha tairi kuukuu cha kuziba ndani pale tairi linapopasuka. Mkulima aliongeza mpira uliokatwa kutoka tyubu ya gari, kwa kufungia cho chote kitakachovunjika. Ni kifungo ambacho hakimo katika kitabu cho chote cha mafundi, na hakuna kinachokishinda.

Waliporudi Jumapili jioni walifungua mizigo uani, wakatenga vitu walivyovitumia na vile ambavyo havikuguswa. Fungu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Sufuria ya kupikia, viatu vya akiba, koti la karani, nguo za kuvaa Mombasa, chupa kubwa ya chai: vyote vilirudishwa ndani. Karani alitetea koti lake kwa muda, kisha akaliacha. Angejifariji kwa Thomas Allen na William Sachtleben, vijana wawili wa Marekani waliomaliza masomo ya chuo kikuu mjini St. Louis Juni 1890, na siku iliyofuata wakashika njia ya kwenda kuizunguka dunia. Walipita Ulaya, Uturuki, Uajemi na Turkestan, wakavuka jangwa la Gobi, wakafika Peking mwaka wa 1892, na kwa safari yao yote waliendesha maili 15,044. Nao hawakuyajua mambo haya siku ya kwanza. Kabla ya kuingia China, wakiwa wamekwisha kusafiri muda mrefu, walipunguza mizigo tena na tena, mpaka wakakata ncha za usukani na vyuma vya viti ili wabaki na uzito mdogo, kwa sababu China walilazimika kubeba vipande vya fedha tupu badala ya noti. Na kule Tashkent walisimama wakati wote wa baridi, kwa kuwa wakati wa kusimama ulikuwa umefika. Walikwenda wawili na wakarudi wawili.

Mapatano yaliongezewa sharti moja, nalo lilitoka kwa karani mwenyewe, na mwandiko wake haukuwa mzuri kama kawaida: anayeumwa atasema papo hapo. Hapo pia ratiba ikaandikwa upya. Mwendo utakuwa wa yule atakayekuwa mdhaifu siku hiyo, ye yote awaye, na atakwenda mbele, ili asiachwe nyuma akijaribu kufuata. Siku ya kwanza ni Emali. Ya pili Kimana. Ya tatu kupanda Oloitokitok tu na kupumzika. Ya nne kushuka Taveta. Ya tano, iliyo ngumu kuliko zote, kuvuka mbuga mpaka Mwatate. Ya sita kupita Voi na kulala Maungu. Ya saba Samburu. Na ya nane Mombasa. Kutoka Voi mpaka mwisho hapana njia ya kukwepa barabara kuu, na huko ndiko kusi kuliko na nguvu, kwa hiyo siku tatu zimetengwa kwa mwendo ambao katika karatasi ya kwanza ulikuwa wa siku moja na kitu. Siku ya nane kazi ngumu iko mwishoni, kuanzia Mazeras na Miritini mpaka Changamwe, ambako magari ya bandari hukusanyika. Hapo watashuka na kutembea kwa miguu pale panapobana, hata kama watu watawacheka.

Mke wa mkulima alisikiliza ratiba ikisomwa mpaka mwisho akiwa anachambua maharage. Hakuuliza nani atakamua ng'ombe, maana jambo hilo alikwisha kulipanga na shemeji yake. Aliuliza jambo jingine.

"Baba watoto, nikipigiwa simu na mtu nisiyemjua, akaniambia yuko na baisikeli yako, mimi nimwulize nini?"

Wanaume wawili walitazamana. Katika karatasi zao zote hapakuwa na mstari hata mmoja juu ya jambo hilo. Jioni ile ziliandikwa nakala tatu za ratiba, moja ya kila nyumba na moja ya mwenyekiti wa chama, na majina ya mahali pa kulala na tarehe zake. Kila mmoja wao atabeba shingoni, ndani ya mfuko wa nailoni, kikaratasi chenye jina lake, namba ya simu ya nyumbani, na dawa asiyoipatana nayo kama iko. Kila jioni kabla ya saa moja watapeleka khabari fupi ya mahali walipo. Ikifika saa tatu usiku bila khabari, mama atampigia mwenyekiti, na mwenyekiti atapiga kituo cha polisi cha mji wa karibu. Namba za vituo hivyo atazitafuta karani kabla ya kuondoka, na kuzijaribu kama zinajibiwa. Mama alisema ya kuwa sasa wanaweza kwenda. Tena akasema zile lita 5 za maji ziwe 6.

Ilibaki likizo. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi zenye malipo kwa kila mwaka, lakini za karani zilikuwa zimekwisha kuliwa na Krismasi na mazishi mawili, zikabaki 8. Katika barua yake ya kwanza, aliyokuwa ameiandika na kuiweka katika droo tangu siku ya mapendekezo yake ya kilometa 90, aliomba siku 5. Aliipasua. Akianza Jumamosi, siku 8 za kazi pamoja na Jumamosi na Jumapili mbili zinafanya siku 12: nane za njia, moja ya kutazama bahari, moja ya basi, na mbili ambazo hazina kazi yo yote ila kungoja jambo lisilojulikana.

Akachukua fomu ya chama, akaijaza kwa wino. Mahali palipoulizwa anwani yake wakati wa likizo aliandika Emali, Kimana, Oloitokitok, Taveta, Mwatate. Mstari ukajaa. Akaigeuza karatasi, akaendelea nyuma: Maungu, Samburu, Mombasa.